Ushahidi Ndani ya Jiwe: Jinsi Hadubini Inavyotambua Madini ya Miamba ya Volkano

Chukua jiwe jeusi kutoka miteremko ya Rungwe, lingine kutoka Kilimanjaro, na la tatu kutoka kwenye lava iliyoganda pembezoni mwa mji wa Goma. Kwa macho matupu yote matatu yanafanana: meusi, yenye vitundu vilivyoachwa na gesi, na chembe chache zinazometameta juani. Chini ya hadubini ufanano huo huvunjika. La kwanza linaweza kuwa basalti yenye olivini na plajioklasi. La pili linaweza kuwa fonoliti iliyojaa feldspa na nefelini. La tatu huonyesha meliliti na leusiti, madini yanayojitokeza pale magma inapopungukiwa sana na silika. Hayo ni mawe yenye asili tofauti na tabia tofauti, na yanayowahusu watu wanaoishi juu yake kwa namna tofauti.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kutambua madini kwa hadubini ni kazi ya kupima ushahidi, na jina huja mwisho. Hakuna sifa moja inayotosha. Rangi hudanganya, umbo hudanganya, hata unene wa kipande kinachotazamwa hudanganya. Uhakika hupatikana pale sifa kadhaa zinapokubaliana na pale madini jirani yanapothibitisha kwamba yanaweza kuishi pamoja. Na kwa kuwa Afrika Mashariki imejengwa kwa kiasi kikubwa na volkano, ujuzi huu unabeba maamuzi mazito hapa: umri wa mabaki ya binadamu wa kale, hatari ya mlima unaofuka moshi, na ubora wa maji ya kunywa.

Milimita 0.03

Mwamba haupitishi mwanga mpaka ukatwe. Fundi wa maabara hukata kipande kwa msumeno wenye almasi, hulainisha upande mmoja, hukigandisha kwenye kioo kwa gundi ngumu, kisha husaga upande wa pili hadi unene ubaki milimita 0.03. Kwa unene huo hata basalti nyeusi hupitisha mwanga, na madini mengi yaliyoonekana meusi mkononi huwa hayana rangi, au huwa na kijani na kahawia hafifu.

Mbinu hii ina historia ya karibu karne mbili. Mwaka 1828 William Nicol wa Edinburgh alitengeneza mche wa kalsiti unaochuja mwanga ili utetemeke katika mwelekeo mmoja tu. Mwaka 1849 Henry Clifton Sorby wa Sheffield, Uingereza, alianza kusaga miamba kuwa vipande vyembamba na kuitazama kwa mwanga wa aina hiyo. Ferdinand Zirkel, Mjerumani aliyekutana na Sorby, aliichukua mbinu na kuieneza katika vyuo vya kwao. Mwaka 1888 Auguste Michel-Lévy na Alfred Lacroix wa Ufaransa wakachapisha chati ya rangi ambayo wanafunzi wa jiolojia wanaitumia mpaka leo.

Unene huo wa milimita 0.03 ndio unaoifanya chati hiyo iwe na maana. Mwanga ukiingia kwenye fuwele nyingi hugawanyika kuwa miali miwili inayokwenda kwa kasi tofauti. Ikitoka na kuunganishwa tena na kichujio cha pili, ile tofauti ya mwendo huzaa rangi. Rangi hiyo hutegemea mambo mawili: aina ya madini na unene wa kipande. Kwatzi yenye unene sahihi huonekana ya kijivu au nyeupe. Kipande kikiachwa kinene kidogo, kwatzi hiyohiyo huwa ya manjano, na rangi za madini yote mengine husogea nayo. Kwa hiyo kosa la fundi kwenye jiwe la kusagia hugeuka kuwa kosa la mtaalamu kwenye ripoti. Katika lava nyingi za ukanda wetu hamna kwatzi ya kupimia, hivyo mtazamaji makini hutumia feldspa, ambayo rangi zake za kijivu zinakaribiana nayo.

Maswali ya mwanga wa kwanza na wa pili

Utambuzi huanza na kichujio kimoja. Hapa maswali ni ya kawaida lakini yanahitaji subira. Madini yana rangi? Rangi hiyo inabadilika meza ya hadubini inapozungushwa? Yana nyufa za mpasuko, na zinakutana kwa pembe gani? Yanaonekana kuinuka juu ya mengine kwa kingo nzito, au yamelala kimya kwenye gundi? Kuinuka huko kunaonyesha kiasi ambacho madini yanapinda mwanga, na ni moja ya sifa za kuaminika zaidi kwa sababu haitegemei unene kama rangi zinavyoutegemea.

Olivini huinuka sana, haina rangi, na badala ya mipasuko iliyonyooka ina nyufa za kujipinda. Mara nyingi kingo na nyufa zake zimegeuka kuwa na wekundu wa kahawia kwa sababu ya kuoza. Piroksini nayo huinuka, lakini ina mipasuko miwili inayokutana kwa karibu nyuzi 90. Homblendi huweza kufanana nayo kabisa hadi utafute sehemu iliyokatwa vizuri na kupima pembe: mipasuko yake hukutana kwa nyuzi 56 na 124, na rangi yake hubadilika kutoka kijani hadi kahawia meza inapozungushwa. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa homblendi ni dalili kwamba magma ilikuwa na maji. Ikiwa kila chembe ya homblendi imezungukwa na ukingo mweusi uliojaa chembe za oksidi, tunajua pia kwamba ilipanda juu, shinikizo likapungua, maji yakatoka, nayo ikaanza kuvunjika kabla lava haijaganda.

Kisha kichujio cha pili huingizwa, kikikingama na cha kwanza. Kioo cha volkano, ambacho hakina mpangilio wa fuwele, hugeuka cheusi kabisa na kubaki hivyo hata meza ikizungushwa. Plajioklasi hujitambulisha kwa mistari myeusi na myeupe kama ya pundamilia, kwa sababu fuwele yake imejengwa na mapacha wengi waliobanana. Pembe ambayo kwayo kila pacha huzimika husaidia kukadiria kiasi cha kalsiamu na sodiamu ndani yake. Olivini hung'aa kwa rangi kali za buluu, waridi na kijani. Meliliti huweza kutoa buluu nzito isiyo ya kawaida, na aliyeiona mara moja hutambua kwamba hayuko tena kwenye basalti. Leusiti huonekana karibu nyeusi, yenye umbo la pande nane, na ndani yake michirizi hafifu iliyokingamana. Magnetiti hubaki nyeusi chini ya kichujio kimoja na chini ya vyote viwili, kwa kuwa haipitishi mwanga hata kidogo. Hiyo huhitaji hadubini inayotazama mwanga unaoakisiwa kutoka juu ya kipande kilichong'arishwa.

Madini yanayokubaliana na yasiyokubaliana

Ugumu halisi uko kwenye madini ya kijivu. Nefelini, sanidini (feldspa ya potasiamu) na kwatzi zote hazina rangi, haziinuki sana, na zote ni za kijivu chini ya vichujio viwili. Mwanafunzi akiona chembe ya kijivu yenye umbo la mstatili huandika feldspa, na mara nyingi anakosea. Nefelini iliyokatwa kwa mwelekeo mwingine huonyesha umbo la pande sita, na sehemu hizo za pande sita hubaki nyeusi. Apatiti nayo ina pande sita, ila huinuka zaidi na kwa kawaida ni vijisindano vidogo. Sanidini mara nyingi ina mapacha wawili tu waliogawana fuwele katikati.

Hapo ndipo kemia inapomsaidia mtazamaji kwa kanuni moja yenye nguvu. Nefelini na kwatzi haziwezi kukua pamoja kwa amani katika magma moja, kwa kuwa silika iliyobaki ingeungana na nefelini na kufanya feldspa ya sodiamu. Ukiorodhesha zote mbili kama madini yaliyokua pamoja kwenye lava moja, ama umetambua vibaya, ama moja kati ya hizo imetoka nje: kipande cha mwamba wa kale kilichobebwa na magma, au madini yaliyojaza matundu baadaye. Kanuni hii huligeuza jiwe zima kuwa mwamuzi wa kila chembe. Mtu anayetambua chembe mojamoja bila kuuliza kama majirani zake wanakubaliana nayo hajamaliza kazi.

Mlima Kenya ni mfano mzuri wa nguvu ya umbo. Mwanajiolojia J. W. Gregory, aliyefika mlimani mwaka 1893, aliipa lava ya pale jina la kenyiti mwaka 1900. Ndani yake kuna fuwele kubwa za anothoklasi, feldspa yenye sodiamu na potasiamu, zilizokatika kwa umbo la msambamba ndani ya msingi wa rangi nzito wenye kioo. Lava za aina hiyo zilitambuliwa baadaye kwenye Mlima Erebus, Antaktika, na kwenye Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kuna lava zenye feldspa za umbo linalofanana. Fuwele hizo zilianza kukua chini, katika chumba cha magma, muda mrefu kabla ya mlipuko. Msingi wenye kioo ulioganda kuzizunguka ni wa dakika za mwisho. Kipande kimoja cha mwamba kinahifadhi nyakati zote mbili, na hadubini huzionyesha pamoja kwa mpangilio wake.

Ol Doinyo Lengai: maji yanapofuta ushahidi

Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya kabonati za sodiamu katika zama zetu. Mwaka 1962 mwanajiolojia Barry Dawson alieleza lava hiyo katika jarida la Nature. Hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, karibu nusu ya joto la basalti, na ina rangi nyeusi au kahawia nzito. Ndani ya saa au siku chache hunyonya unyevu na kugeuka nyeupe.

Fuwele zake kuu ni mbili. Nyerereiti, iliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, huonekana kama vibao virefu vyenye mapacha. Gregoriti, iliyopewa jina la yuleyule Gregory wa Mlima Kenya, huonekana kama chembe za mviringo. Zote mbili huharibiwa na maji. Maabara inayosaga kipande kwa maji kama ilivyozoea inaweza kuyaosha madini yaleyale inayoyatafuta, na ripoti ikaandika kalsiti na matundu matupu. Kwa hiyo vipande vya lava ya Lengai husagwa kwa mafuta au kimiminika kingine kisicho na maji, na sampuli hufungwa vizuri tangu inapookotwa. Somo lake linavuka mlima huo: utambuzi huanzia shambani na kwenye mashine ya kusagia, kabla jicho halijafika kwenye lenzi.

Lengai ilitoa somo la pili mwaka 2007 na 2008, pale milipuko mikali ilipochukua nafasi ya lava tulivu. Majivu yake yalikuwa na nefelini, piroksini na ganeti pamoja na kabonati. Yaani magma ya silikati ilikuwa imefika juu na kuchanganyika na ile ya kabonati. Mabadiliko ya madini yalikwenda sambamba na mabadiliko ya hatari, na kwa wafugaji wanaoishi chini ya mlima huo habari ya namna hiyo ina thamani ya moja kwa moja.

Virunga: madini na kasi ya lava

Upande wa magharibi wa bonde la ufa, katika milima ya Virunga, volkano ya Nyiragongo hutoa nefeliniti zenye leusiti na meliliti. Orodha hiyo ya madini inatosha kumweleza mtaalamu kwamba magma ina silika kidogo na alkali nyingi, hivyo ni nyepesi kutiririka. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava la kreta lilitoka kupitia nyufa za mlima katika muda usiozidi saa moja, na lava ikashuka kwa kasi isiyokimbilika kwa miguu. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia katikati ya mji wa Goma, na tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena. Hadubini haitabiri siku ya mlipuko; hiyo ni kazi ya vipima tetemeko na vipima gesi. Lakini inaeleza aina ya lava ambayo mji unapaswa kujiandaa nayo, na kwa lava ya aina hii muda wa kuhama ni mfupi.

Eneo hili pia limeipa sayansi madini mapya kadhaa. Mwaka 1942 wataalamu wa madini Bannister na Hey walieleza kalsiliti kutoka miamba ya Mafuru, kusini magharibi mwa Uganda. Kimwonekano inakaribiana sana na nefelini, na ilihitaji eksirei kuthibitisha kwamba ni madini yake yenyewe. Kombeiti, iliyopatikana Kongo karibu na Nyiragongo, ilipewa jina la A. D. Combe wa idara ya jiolojia ya Uganda, mtu aliyekusanya miamba mingi ambayo Arthur Holmes aliichunguza. Hapa mpaka wa hadubini unaonekana wazi: iliweza kuonyesha kwamba kuna kitu kisicho cha kawaida, lakini haikuweza kulitoa jina peke yake.

Chembe moja, umri wa milioni

Pengine hakuna mahali ambapo utambuzi wa madini umebeba uzito kama kwenye tabaka za majivu ya Oldupai na Turkana. Mary Leakey alipolipata Oldupai mwaka 1959 fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, umri uliodhaniwa ulikuwa wa miaka laki kadhaa. Mwaka 1961 Louis Leakey pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza umri wa miaka milioni 1.75, kwa kupima potasiamu na agoni katika madini ya majivu ya volkano. Saa hiyo ya potasiamu hufanya kazi ikiwa tu fuwele iliyopimwa ilikua kwenye magma iliyolipuka. Sanidini na anothoklasi angavu zinafaa. Mikroklini, feldspa yenye michirizi iliyokingamana kama kitambaa kilichofumwa, ni ya miamba ya kale kama graniti. Ikionekana ndani ya majivu ya volkano, ni onyo kwamba mito au mlipuko wenyewe uliingiza mchanga wenye umri mkubwa mara mamia.

Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, ilionyesha gharama ya uchafu huo. Kipimo cha kwanza cha majivu yanayoitwa KBS kilitoa zaidi ya miaka milioni 200, umri usiowezekana, kwa kuwa sampuli ilikuwa na chembe za kale. Baada ya kuchambua upya fuwele za feldspa, Frank Fitch na Jack Miller walitangaza miaka milioni 2.6 mwaka 1970. Umri huo uliathiri mjadala wa fuvu maarufu la binadamu wa kale lenye namba 1470, lililopatikana mwaka 1972. Mabaki ya nguruwe wa kale yalipinga, maabara nyingine zikapima upya, na hatimaye jibu likatulia kwenye karibu miaka milioni 1.9. Mabishano ya miaka kadhaa kuhusu asili ya binadamu yalitegemea, kwa sehemu kubwa, ni chembe zipi zilizoingia kwenye chupa ya sampuli. Mashine ilipima kwa usahihi kile ilichopewa.

Maji ya miteremko

Suala la kutambua madini lina sura ya kila siku pia. Kwenye miteremko ya Mlima Meru na vijiji vya Arusha watu wengi wana meno yenye madoa ya kahawia, na wengine wamepinda mifupa, kutokana na floridi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi nyingi za ukanda huo huvuka kikomo hicho. Floridi hiyo hutoka kwenye miamba ya volkano yenye alkali nyingi. Apatiti yenye florini, maika na kioo cha volkano ni miongoni mwa vyanzo. Kabla ya kuchimba kisima, kujua ni tabaka lipi lenye madini hayo, na kama yanaoza au bado ni mazima, ni taarifa inayoweza kupatikana kwa vipande vyembamba vya mawe yaliyotoka kwenye uchimbaji. Haichukui nafasi ya kupima maji yenyewe, lakini husaidia kuchagua pa kuchimba.

Mipaka, na kwa nini ujuzi usiachwe

Hadubini ya mwanga ina mipaka ya kweli. Chembe zilizo ndogo kuliko unene wa kipande hulaliana, na sifa zake huchanganyika. Obsidiani ya eneo la Naivasha, waliyoichonga watu wa Enzi ya Mawe, ni kioo. Chini ya vichujio viwili ni giza tu, na chanzo chake hutambuliwa kwa kemia. Madini mengi hubadilika kemikali polepole kutoka aina moja hadi nyingine, hivyo jicho haliwezi kutaja kiasi kamili cha chuma au magnesiamu. Ndiyo maana lava yenye chembe ndogo mno hupewa jina kwa kupima silika na alkali zake, na ndiyo maana mashine ya miali ya elektroni, iliyobuniwa na Raimond Castaing nchini Ufaransa na kuelezwa katika tasnifu yake ya mwaka 1951, imekuwa mwenzi wa lazima.

Hata hivyo ni hatari kufikiri kwamba mashine imeimaliza hadubini. Uchambuzi wa kemia wa jiwe zima hutoa wastani. Hausemi kama magnesiamu ilitoka kwenye olivini iliyokua humo au kwenye vipande vilivyobebwa kutoka chini, wala kama kalsiamu ni ya lava au ya kalsiti iliyojaza matundu miaka elfu baadaye. Mashine ya elektroni nayo hupima nukta ambayo mtu ameichagua. Hadubini ndiyo inayoonyesha nani alikua kwanza, nani ameoza, nani ni mgeni. Ripoti isiyo na picha za vipande vyembamba ni ripoti ambayo msomaji hawezi kuikagua.

Kwa hiyo vyuo na taasisi zetu za jiolojia, kuanzia Dar es Salaam na Dodoma hadi Nairobi na Goma, vinahitaji kulinda vitu vitatu. Kwanza ni mafundi wa vipande vyembamba, ambao ustadi wao hauwezi kununuliwa kwa haraka ukishapotea. Pili ni hifadhi ya vipande vilivyokwisha kutengenezwa, vyenye lebo sahihi za mahali na tabaka, ili mwanafunzi wa Arusha alinganishe lava ya Meru na ya Nyiragongo bila kusubiri sampuli ziende Ulaya. Tatu ni mafunzo yanayomdai mwanafunzi aandike sababu tatu au nne za kila jina analotoa, na aeleze ni madini gani yanayofanana aliyoyakataa na kwa nini. Hadubini ya kuchuja mwanga ni nafuu ukiilinganisha na mashine kubwa, haihitaji umeme mwingi, na hudumu kwa miongo ikitunzwa. Nchi zilizo juu ya bonde la ufa zina miamba ambayo dunia nzima inakuja kuisoma. Zinastahili kuwa na macho ya kutosha, yaliyofunzwa vizuri, kuisoma zenyewe.